Chuma Kilichozikwa Nyuma ya Stoo

Sauti ile niliitambua kabla mjukuu wangu hajaniambia ni ya nini. Ilikuwa mngurumo mnene, usiopanda wala kushuka, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe, nao ulitoka sebuleni mwangu hapa Nyamira, Jumapili moja baada ya chakula cha mchana. Rajabu, ambaye ndiye anayeniandikia maneno haya kwa kuwa mimi sikufundishwa kushika kalamu, alikuwa amepiga magoti nyuma ya meza akiunganisha mitambo yake kwa plagi ya pini mbili tu. Alinieleza, bila mimi kumwuliza, kwamba kile kisanduku chembamba chenye vifungo huitwa priamplifaya, na kazi yake ni kuipokea sauti ikingali changa na kuiweka sawa. Nyuma yake kina matundu ya kutokea: mawili hupeleka sauti kwenye amplifaya kubwa yenye nguvu za kusukuma spika, na moja hupeleka sauti nzito peke yake kwenye sabufa. Nilimwuliza kwa nini kitu kimoja kiwe na njia mbili za kutokea. Nyumba yenye milango miwili ya nyuma nimeiona kwa watu wa aina fulani tu.

Alicheka, akawasha. Ndipo mngurumo ukaja. Rajabu akaweka kiganja juu ya bati la amplifaya, nao ukafa papo hapo. Akakiondoa, ukafufuka.

"Umeona, Nyanya? Inaniogopa."

Mimi sikucheka. Nilimwamuru azime, aondoe mkono wake, aketi. Kiganja kinachonyamazisha mashine nimewahi kukiona kikimfukuzisha mtu kazi na kumharibia jina, na miongoni mwa waliomharibia nilikuwamo mimi, nikiwa na umri wa miaka tisa hivi. Ninyi mtakaosoma haya hamna haja ya kunihurumia. Nataka mnisikilize mpaka mwisho tu.

Nilizaliwa katika mji wa Kisii, katika nyumba ya Waislamu wa asili mchanganyiko. Babu mzaa baba alitoka mbali akifuata biashara, na mama yangu alikuwa binti wa Nyamache, Mgusii aliyesilimu alipoolewa. Kwa hiyo tulizungumza Kiswahili mbele ya Baba na Ekegusii jikoni, na sisi watoto tulijua kwamba mambo ya kweli husemwa jikoni. Baba, ambaye watu walimwita Mzee Sefu, alikuwa na duka la vitambaa lililotazama barabara. Nyuma ya duka palikuwa na ua, na upande wa pili wa ua palikuwa na stoo. Humo aliweka mitambo ya sauti aliyoikodisha kwa harusi na mikutano, kuanzia mjini mpaka Keumbu na hata huku Nyamira.

Baba alikuwa mtu wa kushuku. Sisemi hivyo kwa kumvunjia heshima, maana yeye mwenyewe angeiona kuwa sifa. Kufuli akilifunga, alilivuta mara tatu, akaondoka hatua chache, akarudi kulivuta tena. Mtu asiyemjua akimwuliza habari za asubuhi, Baba alijibu, "Kwa nini?" Mkate ulipoletwa aliupima kwa mkono, na daktari alipomwandikia dawa alimpelekea daktari wa pili ile karatasi ili aisome kwa sauti. Nami, lazima niseme, nimerithi sehemu kubwa ya tabia hiyo.

Stoo yetu ilikuwa na harufu ambayo sijaikuta mahali pengine: moshi wa risasi ya kuunganishia nyaya iliyoyeyushwa, mbao mbichi, na vumbi lililokuwa likiungua taratibu juu ya taa za kioo ndani ya amplifaya. Amplifaya yenyewe ilikuwa nzito kama gunia la mahindi. Juu yake palikaa kisanduku kidogo cha vifungo, ambacho Rajabu anasema ndicho kilichokuwa priamplifaya ya zamani hizo. Kando yake, likifika kifuani mwangu, palikuwa na sanduku la mbao lenye spika moja pana kama sinia la pilau na amplifaya yake ndogo ndani. Sanduku hilo halikutoa maneno wala wimbo. Lilitoa uzito tu, ule unaoingia kwa miguu na kufikia tumbo. Rajabu anasema hiyo ilikuwa sabufa. Sisi tuliliita Ng'ombe.

Aliyemtengeneza Ng'ombe huyo, na kuunganisha vyote vitatu, alikuwa Fundi Ogola. Alikuwa mtu wa pande za ziwani, Mkristo, mrefu, mwenye sauti ya chini na tabia ya kuimba nyimbo za kanisani kwao kwa Dholuo huku akifanya kazi. Mke na watoto wake walikuwa kwao, naye alilala katika chumba kidogo kando ya stoo. Viatu vyake aliviacha mlangoni kila alipoingia kazini, kwa sababu matone ya risasi ya moto yalikuwa yamekwisha kukitoboa kimoja. Alisema ngozi ya mguu hupona, ya kiatu haiponi. Kwa hiyo alifanya kazi pekupeku juu ya sakafu ya udongo.

Shida ilianza na mngurumo. Mashine ilipowashwa ndani ya stoo ilinguruma, na Fundi alipoigusa ikanyamaza. Baba aliona jambo hilo siku moja akiwa amesimama mlangoni pamoja na Shangazi Mwanaidi, dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi nasi na ambaye neno lake lilikuwa zito katika nyumba ile kuliko la mama yangu.

"Ondoa mkono," Baba akasema.

Fundi akauondoa. Mngurumo.

"Rudisha."

Kimya.

Baba akaingia na akala zake za tairi, akaweka kiganja mahali pale pale alipokiweka Fundi. Mashine iliendelea kunguruma kana kwamba hakuna aliyeigusa. Akabonyeza kwa mikono miwili. Ikanguruma.

"Ndugu yangu," Shangazi akasema taratibu, "mashine hii umeinunua wewe, lakini mwenyewe ni huyu."

"Mzee, si hivyo," Fundi akasema. "Umeme wa nyumba hii una nyaya mbili tu. Waya wa tatu, wa ardhini, haupo. Mimi nikiigusa, mwili wangu unakuwa ndio waya. Vua akala, utaona."

"Nivue viatu nipate kuigusa mali yangu?" Baba akauliza. "Nyumba hii ilikuwa na umeme kabla wewe hujaujua mji huu. Na haijawahi kudai waya wa tatu."

Hakuvua. Angevua, habari yangu ingeishia hapa.

Jioni hiyo aliniita dukani. Kaka zangu wawili walikuwa wakienda shule, na mimi nilibakizwa nyumbani kumlea mtoto mchanga na kuchambua mchele. Baba alinitazama kama anayepima kitambaa, akasema, "Zena, wewe huendi shule. Macho yako yana nafasi. Kaa stoo umtazame Fundi. Kila kitu anachofanya, uje uniambie. Nikipata ushahidi kwamba ameifunga mashine yangu kwa mkono wake ili nisiweze kumwacha, ataondoka siku hiyo hiyo, na mji mzima utajua kwa nini."

Sikuwa nimewahi kupewa kazi na Baba. Nilitoka dukani nikiwa nimenyoosha shingo.

Kwa majuma kadhaa nilikaa juu ya kreti la soda ndani ya stoo, mtoto mgongoni, macho kwenye mikono ya Fundi. Hakunifukuza. Siku ya tatu alianza kuniita Inspekta.

"Inspekta, leo umechelewa. Nimekwisha kufungua kisanduku bila ruhusa yako."

Tena akawa ananionyesha. Alishika kila waya mbele ya uso wangu kabla ya kuuchomeka: huu unatoka kwenye kisanduku cha vifungo kwenda amplifaya kubwa, huu unatoka kisandukuni kwenda kwa Ng'ombe, na usithubutu kuchukua waya unaotoka amplifaya kubwa kwenda spika ukauingiza kwa Ng'ombe, maana nguvu zake zitamchoma matumbo. Wakati wa kuwasha, kisanduku kwanza, amplifaya kubwa mwisho. Wakati wa kuzima, amplifaya kubwa itangulie. "Ukigeuza mpangilio," aliniambia, "spika itapiga kishindo kama mlango wa jela." Mambo hayo niliyashika yote, nami sikujua hata herufi moja.

Kila siku baada ya sala ya alasiri nilitoa ripoti. Wakati mwingine Fundi mwenyewe alinipa maneno ya kupeleka. "Mwambie Mzee kwamba leo nimekohoa mara mbili." Nilimwambia. Baba akaniinamia.

"Alikohoa akielekea upande gani?"

Leo mngecheka. Lakini mimi nilirudi stoo nikaanza kuangalia upande wa kikohozi.

Siku moja mama alikuwa amemwaga maji mengi stoo ili kutuliza vumbi, na ndara zangu za plastiki zilikuwa zimekatika. Nilisimama pekupeku kwenye sakafu iliyolowa, nikimsubiri Fundi aliyekuwa ametoka kuchota maji ya kunywa. Mashine ilikuwa ikinguruma. Sijui kilichonishika. Nadhani nilitaka kujua kama itanyamaza kwa ajili yangu pia, na kama nami ni mtu wa kuogopwa na mashine. Nikaweka kiganja juu ya bati.

Iliniuma. Kitu kilipanda mkononi mpaka begani, kikanitupa nyuma juu ya kreti. Mtoto mgongoni akalia. Fundi alipoingia aliona uso wangu na mkono nilioukumbatia, na ndoo ikamponyoka. Kwanza alizima umeme. Kisha akachuchumaa, akanikagua vidole kimoja kimoja.

"Usiiguse tena, mama. Unanisikia? Kesho nitaishusha ardhini. Haitamuuma mtu."

Nilimwomba asimwambie Baba, kwa maana kugusa mitambo kulikuwa na adhabu yake. Aliniahidi kwamba hatamwambia, na hakumwambia.

Asubuhi iliyofuata, jua likiwa limekwisha kupanda, alichimba shimo nyuma ya stoo. Hakujificha. Alilichimba mahali ambapo mtu yeyote aliyekwenda chooni angepita. Alikuwa na bomba la chuma refu kama mkono wa mtu mzima, na waya wa shaba aliouvua kwenye mota mbovu. Alilizungushia bomba waya huo, nami nilihesabu mizunguko: saba, kisha waya ukamwishia na ncha iliyobaki akaivuta mpaka ndani ya stoo. Akalisimamisha bomba shimoni, akamimina makaa yaliyopondwa. Kisha akanigeukia.

"Inspekta, kimbia jikoni kwa mama yako, ulete chumvi. Nyingi."

Mama hakuwepo. Nilichukua karibu nusu ya kopo lake bila kumwomba mtu. Fundi akaichanganya na makaa, akamwaga maji, akafukia, huku akiimba wimbo wake wa Dholuo kwa sauti ya chini. "Chumvi na makaa vinashika unyevu," akanieleza. "Ardhi ikiwa na unyevu inaupokea ule umeme mbaya. Ukiulizwa, sema hivyo." Alirudi stoo, akaufunga waya kwenye bati la amplifaya, akawasha kwa mpangilio aliokuwa amenifundisha.

Kimya. Taa za kioo zikawaka rangi ya machungwa, na hapakuwa na mngurumo. Fundi alirudi nyuma hatua tatu, akanyoosha mikono yote miwili juu, mbali na mashine, na kunionyesha viganja vitupu.

Ninyi mngedhani kimya hicho kingemfurahisha Baba. Aliposimama mlangoni alasiri ile akasikia hakuna sauti na hakuna mkono juu ya mashine, uso wake ulikunjana zaidi.

"Jana ilikuwa ikilia," akasema. "Leo nani ameinyamazisha?"

Akaniita uani. Shangazi alikuwapo, ameketi juu ya mkeka, na majirani wawili waliokuwa wametoka msikitini walisimama karibu na mlango wa duka. Mama yangu alikuwa akianua nguo. Fundi alikuwa ametumwa sokoni.

"Zena. Amefanya nini leo?"

"Amechimba shimo nyuma ya stoo."

Mama akaacha kuanua nguo.

"Ametia nini?"

"Chuma. Amekizungushia waya mara saba. Na makaa. Na chumvi."

Shangazi akashika kifua. "Saba," akarudia. "Na chumvi."

"Alisema nini alipokuwa akifukia?"

"Aliimba. Maneno sikuyaelewa."

"Na kabla ya kuchimba, hakusema kitu?"

"Alisema ataishusha ardhini."

"Kuishusha nini?"

Hapo ndipo mahali penyewe. Nilijua jibu. Kulisema kungenilazimu niseme pia kwamba niligusa mashine, kwamba iliniuma, kwamba nilimtia mtoto hatarini, kwamba chumvi ilitoka jikoni kwetu kwa mkono wangu. Niliwatazama watu wazima wote, ambao kwa mara ya kwanza maishani mwangu walikuwa wamenyamaza ili mimi niseme.

"Sijui," nikasema.

Kila neno nililokuwa nimelisema kabla ya hilo lilikuwa la kweli. Liangalieni tena, hamtakuta uongo.

Walifukua. Pande zetu, kitu kilichozikwa katika ua wa mtu hakihitaji maelezo. Mkristo, Mwislamu na asiye na dini wote huelewa jambo moja. Lilipotoka lile bomba, limevishwa shaba, limepakwa weusi wa makaa na kung'aa kwa punje za chumvi, jirani mmoja alitamka neno omorogi, yaani mchawi, na mwingine akaondoka kwenda kuwaambia wengine. Mama yangu alisogea akaiangalia ile chumvi. Kisha aliniangalia mimi. Asubuhi ile alikuwa ameniuliza kopo lake limepunguzwa na nani. Aliniangalia kwa muda mrefu, akageuka, akaendelea kuanua nguo. Alikuwa ameolewa katika nyumba hiyo, naye alijua vizuri ni nani husikilizwa humo.

Fundi alirudi akakuta watu wamejaa uani. Hakuuliza kuna nini. Aliliona bomba chini, akaliona shimo, akanitafuta kwa macho.

"Mzee, ni waya wa ardhi," akasema. "Ndio ule niliokuambia. Twende niwashe mashine mbele ya watu hawa. Nikiufunga waya, itanyamaza. Nikiufungua, italia. Ninaomba hilo moja tu."

"Mkono wako hautagusa tena mashine yangu."

"Basi washa wewe. Inspekta anajua mpangilio wote. Mwulize mtoto. Zena, waambie chumvi ni ya nini."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. Nilijificha nyuma ya Shangazi, nikashika kanga yake.

"Unamtisha mtoto!" Shangazi akapaza sauti. "Ona anavyotetemeka! Toka, toka na chuma chako!"

Fundi alivaa viatu vyake pale mlangoni pa stoo, akivifunga kamba kwa utaratibu, watu wakimzomea. Kile kilichotobolewa na risasi kilikuwa cha kulia. Shangazi aliamuru bomba likatupwe mtoni na shimo lijazwe mawe.

Baba aliwasha mashine kabla ya magharibi. Ikanguruma kama zamani.

"Mnasikia?" akawaambia waliobaki. "Ameondoka, na dawa yake inamlilia."

Nilisimama pale, mtoto mgongoni, nikasikia jinsi jambo lililomtetea Fundi lilivyogeuzwa kuwa hukumu yake. Sikuwa na maneno ya kulisema hivyo wakati ule. Nilijua tu kwamba tumbo langu liliuma, na Ng'ombe hakuwa amewashwa.

Hakuna fundi mwingine aliyetaka kuishika mashine ile kwa sababu ya habari zake. Ilipelekwa kwenye harusi moja huku Nyamira ikanguruma mpaka bwana harusi akauliza ni nani ameliacha lori likiwaka nje. Baada ya hapo Baba aliifungia stoo. Panya walizaa ndani ya Ng'ombe. Na kila mfanyakazi mpya alipokuja, Baba alimsimulia habari ya Ogola kama onyo, na mwisho wa kila masimulizi aliweka mkono juu ya kichwa changu na kusema, "Huyu ndiye aliyemgundua."

Miaka mingi ilipita. Niliolewa, nikajifungua, nikauza mitumba soko la Daraja Mbili hadi tukapata uwezo wa kujenga hapa Nyamira. Fundi wa umeme alipokuja kuunganisha nyumba, nilimfuata kila alipokwenda, kama ilivyo desturi yangu. Nikamwona nje, chini ya dirisha la jikoni, akichimba shimo. Akasimamisha chuma, akafunga waya wa shaba. Kisha akaniambia bila kugeuka, "Mama, niletee makaa na chumvi kidogo."

"Ya nini?" nikauliza. Sauti yangu ilinitoka vibaya, naye akageuka kunitazama.

"Inashika unyevu, Mama. Umeme ukivuja uingie ardhini, usiwaue watoto wako."

Niliketi juu ya rundo la matofali. Yule kijana alidhani ni jua, akaniletea maji.

Nilianza kumwulizia Fundi Ogola, nikampata Keumbu, kando ya barabara, katika kibanda cha kutengenezea redio kisichokuwa na mlango wala ukuta wa mbele. Kichwa kilikuwa kimekuwa cheupe. Nilikuwa nimebeba redio mbovu ili niwe na sababu. Aliipokea, akaifungua.

"Fundi, unanikumbuka?"

"Nilikukumbuka tangu ulipokuwa ng'ambo ya barabara," akasema bila kuinua uso. "Unatembea kama Mzee Sefu. Hatua tatu, unaangalia nyuma."

Nilimweleza yote, nimesimama: kuumwa, chumvi, woga wangu, neno langu la mwisho. Alisikiliza huku akiyeyusha risasi, na ile harufu ikanipanda puani mpaka macho yakanitoka machozi, au ndivyo nilivyomwambia.

"Nilijua ulitumwa kunichunga," akasema. "Chumvi ningeweza kuinunua mwenyewe. Duka lilikuwa hatua kumi."

"Sasa kwa nini ulinituma mimi?"

"Nilitaka mtu wa nyumba ile aione kazi yangu tangu mwanzo. Mtu ambaye Mzee angemwamini." Akapuliza moshi. "Nikahesabu vibaya umri wako."

Hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba baada ya siku ile hapakuwa na nyumba mjini Kisii iliyomruhusu kuingia, na kwamba ndiyo sababu alifanya kazi mahali pasipo na mlango. Redio ilipokuwa tayari, aliigeuza kabla ya kufunga kifuniko, akaisogeza kwangu.

"Angalia ndani."

"Nakuamini, Fundi."

"Hapana," akasema. "Angalia. Wote huangalia kwanza."

Nikainama, nikaangalia. Alinionyesha kwa ncha ya bisibisi alichokigusa na ambacho hakukigusa. Baada ya hapo ndipo alipofunga.

Baba alikuwa amekwisha kufariki. Nilimwendea Shangazi Mwanaidi, ambaye alikuwa mzee sana na haoni vizuri, nikamweleza kila kitu juu ya umeme na ardhi na unyevu. Alisikiliza hadi mwisho, akanipapasa mkono.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Lakini ile chumvi?"

Hapo nikaelewa kwamba ushahidi nilioutoa uani mbele ya watu siwezi kuufuta kwa kunong'ona chumbani kwa mtu mmoja. Mtoto hudhani ameulizwa kwa sababu watu wanataka kujua. Hajui kwamba wakubwa wakati mwingine wamekwisha kuamua, na wanatafuta mdomo mdogo wa kuwasaidia. Lakini hata hivyo mdomo ulikuwa wangu. Wao hawakuufunga.

Fundi Ogola naye ametangulia, Mungu amrehemu. Nimemwamuru Rajabu aandike bila kupunguza wala kupamba, ili mjukuu yeyote wa mtu huyo aliyewahi kusikia neno baya juu yake alisome na hili: Fundi alichimba shimo mchana, mahali pa wazi, mbele yangu. Alichimba kwa sababu mashine iliniuma, naye aliogopa isije ikaniua. Chumvi ilikuwa ya mama yangu. Nilimletea mimi, naye aliniambia ni ya nini, nami nilijua.